Kocha mzee, msimu mbovu: aachie ngazi au apewe mwaka mwingine?

Kila mwisho wa Novemba, mechi za kawaida za futiboli ya vyuo vikuu Marekani zinapokwisha, kuna mji mmoja au miwili inayolala na swali lilelile. Kocha ana miaka sabini na kitu, sanamu yake ya shaba imesimama nje ya uwanja, na timu imeambulia ushindi mara 6 katika mechi 12. Aachie ngazi?

Mtu wa soka anaweza kulishangaa swali lenyewe. Dar es Salaam, kocha wa Simba au Yanga akipoteza mechi tatu mfululizo huanza kufungasha virago, na hakuna anayeuliza alizaliwa mwaka gani. Kesi inayokaribia kidogo ni ya Arsène Wenger, aliyekaa Arsenal tangu 1996 hadi 2018, miaka ya mwisho mabango ya kumtaka aondoke yakipepea jukwaani. Lakini hata Wenger hakuwa na kazi ya kuketi sebuleni kwa mzazi wa kijana wa miaka 17 na kumhakikishia kwamba miaka minne ijayo atamkuta bado yupo. Kocha wa chuo anayo kazi hiyo. Hapo ndipo umri wake unapokuwa suala la kiufundi.

Kesi mbili zinatosha kulifumbua jambo hili. Ya kwanza ni ya Joe Paterno wa Penn State baada ya msimu wa 2004, akiwa anakaribia kutimiza miaka 78. Ya pili ni ya Bobby Bowden wa Florida State baada ya msimu wa 2009, akiwa ametimiza 80. Wote wawili wakubwa zao waliwataka waondoke. Paterno alikataa, na kwa upande wa mchezo alikuwa sahihi. Bowden alitaka mwaka mmoja zaidi, na alikuwa amekosea. Mvi hazikuwa na mchango mkubwa katika tofauti hiyo.

Jumlisha pointi kabla ya kumjumlishia mzee miaka

Kwa asiyeujua mchezo: wachezaji ni 11 kila upande, mpira una umbo la yai, hubebwa na kurushwa kwa mikono. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha katika eneo la mwisho la wapinzani ni tachidauni, pointi 6, pamoja na nafasi ya kuongeza 1 au 2. Kuupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti ni pointi 3. Mwenye mpira akiangushwa ndani ya eneo lake mwenyewe, wapinzani wake wanapewa 2.

Kwa hesabu hiyo shambulio moja haliwezi kuzaa zaidi ya pointi 8. Mechi iliyoamuliwa kwa tofauti ya 8 kushuka chini ni mechi ya karibu, ambayo mpira mmoja ulioteleza mkononi ungeweza kuigeuza. Wachambuzi wa mchezo huu huanzia hapo. Hukusanya pointi zote zilizofungwa na zote zilizoruhusiwa, kisha hutenga mechi za karibu. Timu ambayo rekodi yake ni mbaya kuliko tofauti yake ya pointi mara nyingi hupanda mwaka unaofuata hata kama hakuna aliyefukuzwa. Ambayo rekodi yake inalingana na pointi zake imepata ilichostahili.

Tuanze na Penn State ya 2004. Ushindi 4, vipigo 7, na huo ulikuwa msimu wa nne kati ya mitano ambao timu ilimaliza na vipigo vingi kuliko ushindi. Kwenye jedwali ni maiti. Lakini tazama matokeo ya vipigo vyenyewe: 21-7, 16-3, 16-7, 20-13, 6-4, 21-10, 14-7. Hakuna mpinzani aliyevuka pointi 21 msimu mzima. Katika mechi 11 timu iliruhusu pointi 168, wastani wa 15 na ushee, na ilifunga 195. Yaani timu iliyopoteza mechi 7 ilifunga pointi nyingi kuliko ilizofungwa.

Ile 6-4 dhidi ya Iowa, tarehe 23 Oktoba, inaeleza ugonjwa vizuri kuliko ripoti yoyote. Iowa ikiongoza 6-2 katika robo ya mwisho, kocha wake Kirk Ferentz aliamua kwa makusudi kuwazawadia Penn State pointi 2 ili tu mpira upigwe mbali na lango lake. Alishapiga hesabu kwamba ushambuliaji wa Penn State hauwezi kufunga hata akiwapa zawadi. Alipatia. Ugonjwa, basi, ulikuwa mmoja na ulijulikana ulipo: ulinzi wa daraja la juu, ushambuliaji usio na mtu wa kasi pembeni wala kwotabeki (mwongozaji wa mashambulizi, anayeurusha mpira) aliyetulia katika nafasi yake.

Ugonjwa wa namna hiyo hutibika kwa usajili wa mwaka mmoja, na ulitibiwa. Mwaka 2005 akaja Derrick Williams, mmoja wa vijana waliogombewa sana nchi nzima, na Michael Robinson, aliyekuwa akihamishwahamishwa nafasi, akakabidhiwa ukwotabeki moja kwa moja. Timu ilishinda mechi 11 na kupoteza 1, ikamaliza ya tatu nchini. Mechi ya mwisho ya msimu huo, Orange Bowl ("bowl" ni mechi ya mwaliko baada ya msimu wa kawaida) ya 3 Januari 2006, iliichapa Florida State ya Bowden 26-23 baada ya vipindi vitatu vya nyongeza.

Sasa Florida State ya 2009. Msimu wa kawaida: ushindi 6, vipigo 6. Mechi za karibu zilikuwa sita. Ilipoteza tatu (38-34 kwa Miami, 28-21 kwa Boston College, 49-44 kwa Georgia Tech) na kushinda tatu (30-27 dhidi ya North Carolina, 45-42 dhidi ya NC State, 29-26 dhidi ya Maryland). Bahati iligawa sawa kwa sawa, hakuna wa kumlaumu. Vipigo vingine vitatu vilikuwa 17-7, 40-24, na 37-10 ya Florida, jirani na hasimu mkubwa. Ukiongeza mechi ya Gator Bowl iliyochezwa Januari, timu ilifunga pointi 391 katika mechi 13 na kuruhusu 390. Pointi moja! Ushindi 7 na vipigo 6 ndiyo stahili yake kamili.

Wastani wa kuruhusu pointi 30 kwa mechi ni mara mbili ya ule wa Penn State iliyotangulia. Ushambuliaji ulikuwa mzuri. Ulinzi ulivuja kama pakacha. Na ulinzi huo ulikuwa mikononi mwa Mickey Andrews, msaidizi wa Bowden tangu 1984, wakati ushambuliaji ulikuwa wa Jimbo Fisher, aliyeletwa 2007. Kwa maneno mengine, upande wa zamani wa benchi ndio ulioanguka, na upande mpya ndio ulioibeba timu.

Benchi huzeeka kabla ya kocha

Watu humtazama mzee kando ya uwanja: anatembea polepole, hana spika masikioni, mazoezini anazungushwa na kigari cha gofu. Hayo si kitu. Kocha mkuu wa chuo kikubwa si yeye anayechagua kila shambulio. Enzi za Bowden alikuwa na wasaidizi tisa wanaofundisha uwanjani, na wawili kati yao, mkuu wa ushambuliaji na mkuu wa ulinzi, ndio walioendesha mechi. Paterno alikaa juu, chumba cha waandishi, baada ya kuvunjika mguu 2006, na timu iliendelea kucheza.

Bowden mwenyewe alijengea jina lake juu ya kuwaachia wasaidizi kazi. Alipofika Tallahassee, mji wa chuo hicho, 1976, Florida State ilikuwa imeshinda mechi 4 kati ya 33 katika misimu mitatu. Kuanzia 1987 hadi 2000 haikukosa ushindi 10 wala nafasi katika tano bora hata msimu mmoja, misimu 14 mfululizo, na ilichukua ubingwa wa taifa 1993 na 1999. Sijui kama kuna atakayerudia hilo.

Kisha tazama nani aliondoka. Chuck Amato alikwenda kuwa kocha mkuu wa NC State baada ya msimu wa 1999. Mark Richt, mkuu wa ushambuliaji, aliondoka baada ya msimu wa 2000 kwenda Georgia. Nafasi ya Richt akapewa Jeff Bowden, mtoto wa kocha. Msimu uliofuata tano bora ikapotea, na miaka sita baadaye, Novemba 2006, timu ililala 30-0 nyumbani mbele ya Wake Forest. Jeff akajiuzulu siku chache baada ya hapo. Baba alikuwa na miaka 71 Richt alipoondoka. Tatizo lilianzia hapo, na halikuanza kwa sababu ya 71.

Mtoto kuwepo benchini peke yake si hoja. Paterno naye alikuwa na mwanawe Jay akifundisha makwotabeki, na 11-1 ikapatikana. Cha kuuliza ni hiki: msaidizi mkubwa akiondoka, mzee anampata nani? Kocha wa miaka 45 anapiga simu kwa wenzake wa rika, kila mmoja na kijana mkali chini yake. Kocha wa miaka 78 anafungua daftari la simu, nusu ya majina wamestaafu na wengine wameshatangulia mbele ya haki. Na kijana mkali naye ana hesabu zake: mikataba ya wasaidizi kwa kawaida ni ya mwaka mmoja hadi mitatu, kocha mkuu akiondoka benchi zima huondoka naye, na kumhamisha mke na watoto wa shule kwa ajili ya mzee anayeweza kustaafu Desemba ni kamari. Kwa hiyo nafasi hujazwa na rafiki wa zamani, aliyekwisha kuwepo ndani, au mtoto. Huo ndio uzee unaoumiza timu, nao huonekana katika orodha ya walioajiriwa miaka mitatu kabla ya kuonekana uwanjani.

Sebuleni kwa mama

Mchezaji wa chuo ana misimu minne ya kucheza, kwa kawaida ndani ya miaka mitano. Kila mwaka kocha alikuwa akisajili vijana wapatao 25 kujaza kikosi chenye nafasi 85 za ufadhili wa masomo. Kijana anasaini akiwa kidato cha mwisho cha sekondari, na wazazi huuliza swali moja kuliko yote: utakuwepo mpaka amalize?

Kocha hasimu, aliyeketi kwenye kochi lilelile jana yake, hana haja ya kusema uongo. Anasema tu, kwa upole, "Mzee ni mtu mzuri sana, nampenda. Ana themanini." Kisha ananyamaza anywe chai yake. Hilo lina jina katika biashara hii, usajili wa kumponda mwenzako, na dhidi ya mzee hufanya kazi kwa sababu ni kweli. Nick Saban wa Alabama, aliyestaafu 10 Januari 2024 akiwa na miaka 72 baada ya msimu wa ushindi 12 na vipigo 2, alieleza mwenyewe kwamba wachezaji na wasaidizi walitaka uhakika wa miaka kadhaa na ilimwia vigumu kuwaahidi kwa moyo mweupe. Saban hakuwa na msimu mbovu hata kidogo. Aliusoma usajili kabla haujamsoma yeye.

Kanuni mpya zimeongeza makali. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Tangu 2024 wanaweza kuhama chuo zaidi ya mara moja bila kukaa nje msimu. Na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo. Zamani mzee aliyepata mwaka mbaya alikuwa na uhakika kwamba kikosi kitarudi. Sasa analazimika kuwasajili upya watu wake mwenyewe kila Januari. Ni kazi ya simu usiku na mchana, na humo miaka 75 huonekana kuliko kandokando ya uwanja.

Mrithi aliyetangazwa

Dawa iliyobuniwa ni kumtaja mrithi mapema, ili kocha aseme sebuleni: nikiondoka, huyu hapa ndiye atakayenipokea. Florida State ilimtaja Fisher Desemba 2007, na katika mkataba ikajifunga: asipokuwa kocha mkuu kufikia mwanzoni mwa 2011, atalipwa mamilioni ya dola.

Dawa hii ina sharti moja ambalo wengi husahau: tarehe. Barry Alvarez wa Wisconsin alitangaza Julai 2005 kwamba msimu unaokuja ni wa mwisho na Bret Bielema atampokea. Akafundisha msimu huo, akabaki mkurugenzi wa michezo, na Bielema akaanza na ushindi 12 na kipigo 1. Texas walimtaja Will Muschamp kuwa mrithi wa Mack Brown Novemba 2008 bila tarehe. Miaka miwili ikapita, Texas ikaporomoka hadi ushindi 5 na vipigo 7, na Muschamp akaenda zake Florida. Huko Maryland pia mrithi aliyetajwa, James Franklin, alichoka kusubiri akakubali Vanderbilt.

Hata tarehe ikiwa ndefu ni sumu. Wapenzi wa soka wanakumbuka Alex Ferguson alipotangaza kwamba 2002 ndio mwisho wake Manchester United: msimu ukayumba, na Februari akaghairi. Alipoondoka kweli, Mei 2013, alitangaza siku chache tu kabla ya msimu kwisha, kombe likiwa kabatini. Mrithi na mwenye kiti wakikaa pamoja zaidi ya msimu mmoja, wasaidizi huanza kupima mlango upi ubishwe kwanza, na fahali wawili wanajulikana hawakai zizi moja.

Tallahassee ilikuwa hivyo 2009. Mwanzoni mwa Oktoba, timu ikiwa na ushindi 2 na vipigo 3, mwenyekiti wa baraza la wadhamini, Jim Smith, alisema hadharani kwamba Bowden aondoke mwisho wa msimu. Kumbuka msimu ulikuwa bado na mechi saba. Kumtangazia kocha mwisho wake katikati ya msimu, wakati mrithi wake yuko chumba cha pili, ni kufundisha wachezaji kutomsikiliza yeyote. Hapo baraza lilikuwa sahihi juu ya jambo na hovyo juu ya namna.

Karatasi: sheria, mkataba, kalenda

Hakuna mkuu wa chuo atakayesimama aseme "umezeeka". Sheria ya shirikisho ya 1967 inawalinda wafanyakazi wa miaka 40 na kuendelea dhidi ya ubaguzi wa umri, na marekebisho ya 1986 yalifuta umri wa lazima wa kustaafu kwa kazi nyingi. Mambo hayakuwa hivyo zamani: Amos Alonzo Stagg aliondolewa Chuo Kikuu cha Chicago baada ya msimu wa 1932 kwa kufikisha 70, akahamia California kufundisha chuo kidogo cha Pacific, na 1943, akiwa na 81, akachaguliwa kocha bora wa mwaka nchini. Chicago kwa upande wake iliivunja kabisa timu yake 1939. Siku hizi taarifa huzungumzia "mwelekeo mpya wa timu", na kila mtu anaelewa.

Neno linalotumika katika taarifa hiyo ni la fedha. Kocha *akitimuliwa* bila kosa, chuo humlipa fidia iliyoandikwa katika mkataba. *Akistaafu* mwenyewe, mara nyingi hapati kitu au hupata kidogo. Fidia zinaweza kutisha: Texas A&M ilipomwachisha kazi Jimbo Fisher yuleyule Novemba 2023, ilikuwa inadaiwa zaidi ya dola milioni 75. Ndiyo maana kati ya mechi ya mwisho na mkutano na waandishi kuna siku kadhaa za kimya. Wanasheria wanatafuta neno la katikati: mshauri, balozi wa chuo, mstaafu wa heshima, na nyuma ya neno kuna ofisi, katibu, bima ya afya, tiketi, na malipo ya kuhutubia wafadhili. Bowden alipewa kuchagua kati ya kustaafu na kubaki na cheo kisicho na mamlaka. Alitangaza kustaafu 1 Desemba 2009. Kwa Kiswahili tunalo neno ambalo Wamarekani hawana, *kung'atuka*, lile lililozoeleka Mwalimu Nyerere alipoachia urais 1985. Lakini tendo lenyewe ni adimu huko viwanjani kwa sababu ya hizo fidia.

Kalenda nayo imebana. Bowden alipoondoka, vijana walikuwa wakisaini Jumatano ya kwanza ya Februari. Fisher alipata miezi miwili ya kuwashika. Kuanzia 2017 kukawa na usajili wa mapema wa Desemba, na tangu 2024 unaanza Jumatano ya kwanza ya Desemba. Mechi ya mwisho ya kawaida ni Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Zimebaki siku chache za kuamua, kuajiri na kuwapigia simu vijana 20 wasikimbie. Kwa hiyo uamuzi wa kocha mzee, ukisubiri msimu uishe, umeshachelewa. Mazungumzo hufanywa katikati ya Oktoba, kimya kimya, na kama ni kubaki basi mkataba unaongezwa mwaka hadharani ili kijana asaini bila shaka. Kinachoharibu ni njia ya tatu, "tutatathmini mwishoni mwa msimu", ambayo huwapa mahasimu wiki sita za kupiga simu.

North Carolina ilionyesha ubovu wake 2024. Mack Brown, yule aliyekuwa Texas zamani, sasa 73, alisema Jumatatu kwamba anatarajia kurudi mwaka ujao. Jumanne chuo kikatangaza kwamba hatarudi, mechi moja ikiwa imebaki. Wiki chache baadaye kikamwajiri Bill Belichick, 72, aliyepishana na Brown kwa miezi isiyofika minane. Kama mtu bado anadhani suala ni umri, aanzie hapo.

Mtu mwenyewe

Kuna kivuli kinachowatembelea makocha wote wazee, cha Bear Bryant wa Alabama. Msimu wa 1982 ulimchosha: alipoteza mechi tatu za mwisho za kawaida, akatangaza kuacha Desemba akiwa na 69. Alishinda mechi ya kuaga tarehe 29 Desemba, na tarehe 26 Januari 1983 akafariki kwa mshtuko wa moyo. Siku 28. Zamani aliwahi kusema kwamba akiacha ukocha hatamaliza wiki, na tangu hapo kauli hiyo haijaacha kurudiwa. Bowden, mzaliwa wa Alabama, alikuwa na kawaida ya kusema kwamba baada ya kustaafu limebaki tukio kubwa moja tu. Watu walicheka, yeye hakuwa anatania sana. Akaishi miaka 11 na nusu baada ya mechi yake ya mwisho, hadi Agosti 2021, akiwa na 91.

Sababu ya pili ya kung'ang'ania ni ndogo zaidi lakini ina nguvu: rekodi. Bowden na Paterno walikuwa wakifukuzana kwa idadi ya ushindi, na kocha anayehesabu rekodi huona kila mwaka kuwa ushindi 8 zaidi. Hiyo ni hesabu ya mtu, haina nafasi katika hesabu ya timu.

Na Paterno? Alipowakatalia wakubwa wake waliomfuata nyumbani Novemba 2004, rekodi ya pointi ilikuwa upande wake. Lakini mkuu wa chuo anapokwenda kwa mwajiriwa wake kumwomba astaafu, akarudi mikono mitupu, chuo kimeshajua nani anaongoza. Alibaki miaka saba mingine. Novemba 2011 ikafumuka kesi ya Jerry Sandusky, msaidizi wake wa zamani, aliyetiwa hatiani mwaka uliofuata kwa kuwadhulumu watoto kingono. Asubuhi ya tarehe 9 Paterno alitangaza kwamba atastaafu mwisho wa msimu. Usiku huohuo wadhamini wakamfukuza kwa simu. Uamuzi wa 2004 ulikuwa sahihi kwa mchezo. Kukosekana kwa mtu wa kumwambia hapana ni habari nyingine, na ilikuwa nzito kuliko mechi zote.

Kwa hiyo ukipewa kesi mpya, anza na pointi zilizofungwa na kuruhusiwa, tenga mechi za karibu, tafuta kama ugonjwa uko upande mmoja au kote. Kisha chukua majina ya wasaidizi waliojiunga miaka mitatu iliyopita na uone walitoka wapi. Kama ugonjwa ni wa wachezaji wawili na benchi bado linavuta watu, mpe mzee mwaka na uutangaze mapema. Kama ugonjwa ni wa benchi, hata usajili mzuri hautasaidia, na mwaka mwingine utapotea.

Florida State ilikuwa ya aina ya pili. Fisher alipochukua timu 2010 alimleta Mark Stoops kusimamia ulinzi, Andrews akiwa amestaafu pamoja na bosi wake. Kikosi kilikuwa kwa sehemu kubwa kilekile alichokiacha Bowden. Novemba ile, miezi kumi na miwili baada ya kulala 37-10, waliifunga Florida 31-7.